Kabla ya Kusema "Inashusha Sukari"

(Hotuba iliyotolewa jijini Tanga mbele ya waganga wa tiba asili, wauguzi na wanafunzi wa afya, na kuandikwa hapa baada ya kusawazishwa kidogo.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu waganga na wakunga, wauguzi na wafamasia, wanafunzi, mabibi na mabwana: shikamooni nyote mlionizidi umri, na waliobaki hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie jinsi dawa za miti zinavyopimwa kabla mtu hajathubutu kutamka kwamba zinatibu kisukari. Nimepewa muda mfupi, kwa hiyo yapo mengi nitakayoyaruka. Mezani hapa mnaona mizani ndogo ya jikoni, kijiko cha chakula, na mfuko wa unga wa mbegu za zambarau nilioununua juzi Ngamiani. Vikae kwanza, nitavirudia.

Sidhani kama yumo humu ndani mtu asiyemfahamu jirani au ndugu anayechemsha kitu kwa ajili ya sukari. Kuna anayekamua karela, lile tunda chungu, asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, kuna anayeloweka uwatu usiku kucha na kunywa maji yake, kuna anayetafuna majani ya mwarobaini mpaka uso unakunjamana, na kuna anayeanika mbegu za zambarau juu ya mkeka, akazitwanga na kuuhifadhi unga wake kwenye chupa ya jamu. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiishi Pangani, alikuwa wa kundi hili la mwisho, na sisi wajukuu tulikatazwa kabisa kutupa kokwa za zambarau. Kila aliyekula alizirudisha kwenye ungo. Sikuja hapa kumcheka bibi yangu. Nimekuja kueleza kwa nini siku hizi, nikiletewa mti, swali la kama unashusha sukari silianzi nalo. Nauliza unaishusha kwa njia gani, na njiani unagusa nini kingine.

Wanaodhani kwamba maabara inaidharau miti wakumbuke kidonge ambacho wagonjwa wengi wa sukari huanzishiwa, hapa hospitali ya Bombo na kwingineko, yaani metformini. Asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, wenye kemikali ya galegini, ambayo hushusha sukari lakini pia ni sumu, kiasi kwamba mifugo inayoula mmea huo kwa wingi hufa. Wanakemia waliliangalia umbo la kemikali hiyo, wakatengeneza ndugu zake, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa mmoja wao. Ndugu mwingine wa ukoo huohuo, fenformini, naye aliingia madukani, akashusha sukari vizuri tu, kisha akaondolewa katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu alisababisha asidi ya laktiki kujaa kwenye damu na kuua watu. Ndugu wawili, kazi ileile, lakini mmoja bado yuko kwenye dirisha la dawa na mwingine amefukuzwa, kwa sababu ya mambo mengine aliyokuwa akiyafanya mwilini huku sukari ikishuka.

Upo mfano mkali zaidi. Tunda la aki, ambalo asili yake ni Afrika Magharibi na ambalo huliwa sana Jamaika, likichumwa kabla halijaiva na kupasuka lenyewe mtini huwa na sumu iitwayo hipoglisini. Sukari ya aliyelila hushuka vibaya mno. Hushuka kwa sababu mwili umezuiwa kuunguza mafuta, basi unaikimbilia sukari iliyopo mpaka inakwisha, huku ini likishindwa kutengeneza nyingine. Mtu anatapika, anapoteza fahamu, na wengine hawaamki. Laiti mtafiti angempa panya mwenye kisukari maji ya aki bichi, kisha akasoma kipimo cha sukari peke yake, angetoka maabara akipiga vigelegele.

Nisiende mbali, nirudi nyumbani Makorora. Shangazi yangu alikuwa akimeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, kila asubuhi kama alivyoandikiwa. Jirani, kwa nia njema kabisa, akamletea chupa ya maji ya karela yaliyochemshwa pamoja na mwarobaini, akamwelekeza anywe nusu bilauri kutwa mara mbili. Siku ya nne shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua mchele, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka utadhani amemwagiwa ndoo ya maji, na akawa anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mashine ya kupimia sukari ilisoma milimoli 2.3 kwa lita, na mtu anayetumia dawa za sukari akishuka chini ya 4 tayari ni wa kupewa kitu kitamu upesi. Tulimpa maji ya sukari angali anaweza kumeza, akarudi katika hali yake taratibu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakumwambia muuguzi wa kliniki, alinijibu, "Hakuniuliza, mwanangu, nami sikutaka kugombezwa mbele za watu."

Ndugu zangu wauguzi, sentensi hiyo naomba muondoke nayo. Na waganga, tazameni jambo hili pia: maji yale ya karela huenda yalifanya kazi kweli. Dawa mbili za kweli zilikutana kwenye mwili mmoja bila ya kutambulishwa, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Sasa niingie kwenye upimaji wenyewe. Kazi huanzia pale mti ulipo, na swali la mwanzo ni dogo hata linaonekana la kitoto: mti huu ni upi? Katika mkoa wetu mti mmoja unaweza kuwa na jina lake kwa Wadigo, jina jingine kwa Wabondei, la tatu ukipanda Lushoto kwa Wasambaa, na jina moja linaweza kubeba miti miwili isiyohusiana kabisa. Kwa hiyo tunachukua tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, tunalikausha kati ya magazeti, tunalibandika kwenye karatasi ngumu na kulipeleka kwa mtaalamu wa mimea. Tanga si wageni wa kazi hii. Taasisi ya Amani kule Usambara Mashariki ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, wakapanda miti ya dawa na mazao kutoka pembe nyingi za dunia, ikiwemo mikwinini, na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia kwinini ilitengenezwa hukohuko mlimani. Anayeona kubandika majani kwenye karatasi ni kupoteza muda awakumbuke wanawake wa Ubelgiji ambao, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliharibikiwa figo baada ya kupewa vidonge vya mitishamba ya Kichina vya kupunguza unene. Mmea uliokusudiwa, Stephania, ulikuwa umeingiliwa na mwingine, Aristolochia, kwa kuwa majina yao ya Kichina yanakaribiana.

Baada ya kuujua mti, sehemu inayotumika hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa au kuchemshwa, huchujwa kwa kitambaa kisha kwa karatasi maalumu, na maji yake huvukizwa mpaka ibaki rojo nzito au unga, kitu ambacho maabara tunakiita dondoo. Hapa nina ugomvi na baadhi ya watafiti wenzangu. Mganga amechemsha kwa maji miaka yote. Mtafiti anafika, analoweka kwa spiriti kwa sababu spiriti hutoa kemikali nyingi na huvukizwa kwa urahisi, halafu anaandika kwamba amepima dawa ya mganga. Hajaipima. Amepima dawa nyingine iliyotoka kwenye mti uleule. Kama kweli tunataka kujua kikombe kile kinafanya nini, tukipike kama kinavyopikwa.

Kipimo cha kwanza ni cha usalama wa haraka. Panya mweupe aliyelala bila kula hupewa dondoo kwa sindano butu inayopitishwa mdomoni mpaka tumboni, na kiwango cha juu kinachotumika mara nyingi ni miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito wake, maana yake panya wa gramu 200 anapata miligramu 400. Kisha ni kukaa na kutazama. Nusu saa ya kwanza huondoki. Unaangalia kama manyoya yamesimama, kama anajikunyata pembeni, kama anahema kwa shida, kama anaburuta miguu ya nyuma, kama kinyesi kimebadilika. Halafu unaendelea kumwangalia kwa vipindi hadi kesho yake, na baada ya hapo kila siku mpaka siku ya 14. Ni kazi ya kuchosha, na wanafunzi hawaipendi kwa sababu mara nyingi hakuna kinachotokea.

Kosa huja pale ambapo hakuna kilichotokea. Nimesoma ripoti nyingi zinazosema kwamba panya hawakufa, kwa hiyo dawa ni salama. Nikifika kwenye sentensi hiyo huweka kalamu chini. Figo za wale wanawake wa Ubelgiji hazikuharibika ndani ya siku 14, na dawa ya kisukari hainywewi siku 14, hunywewa miaka. Kwa hiyo lazima kuwe na kipimo cha siku 28, na cha siku 90 kwa dawa inayokusudiwa kutumika muda mrefu, ambapo panya hupewa dondoo kila siku kwa viwango tofauti na kupimwa uzito. Mwishoni huchukuliwa damu kuangalia vimeng'enya vya ini na kreatinini ya figo, na viungo vyenyewe hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi na kuangaliwa kwa hadubini. Hiki ndicho kipimo ghali, na ndicho kinachorukwa zaidi.

Upande wa sukari, tunahitaji kwanza panya mwenye kisukari. Njia iliyozoeleka ni kumdunga streptozotosini, kemikali inayotokana na bakteria wa udongoni, ambayo huvunja zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Huyeyushwa kwenye maji yenye asidi kidogo yaliyopozwa kwa barafu, na hudungwa haraka kwa kuwa huharibika upesi. Usiku wa kwanza ndio wa hatari: seli zinapovunjika humwaga insulini yote iliyokuwemo, na panya anaweza kufa kwa kupungukiwa sukari kabla hata hajapata kisukari, ndiyo maana chupa yake hutiwa maji ya glukosi usiku ule. Mwanafunzi aliyesahau chupa hiyo huja asubuhi akakuta vizimba viko kimya. Baada ya siku tatu tunachukua tone la damu mkiani na kulipima kwa mashine ileile mnayoitumia nyumbani. Panya waliokwisha kuwa na kisukari hugawanywa: kundi moja hupewa maji matupu, jingine glibenklamidi au metformini, mengine dondoo kwa viwango viwili au vitatu, na kando hubaki kundi la panya wazima wasio na ugonjwa wowote.

Sasa tuseme sukari ya kundi la dondoo imeshuka. Je, tushangilie? Mimi naomba kwanza daftari la chakula. Panya anayeumwa tumbo hali, na sukari ya panya asiyekula hushuka. Kama hukupima chakula kila asubuhi, kile kilichotupwa kwenye kizimba na kile kilichobaki, huwezi kunithibitishia kwamba dawa yako haikumtia mnyama kichefuchefu tu. Naomba pia kujua dondoo lilianza kutolewa lini, kwa sababu wapo wanaolitoa siku kadhaa kabla ya kudunga streptozotosini; hao wamepima kama mti unamkinga panya na sumu, jambo ambalo lina faida yake lakini halimhusu mgonjwa ambaye tayari ana kisukari. Na hata kazi ikiwa safi, tukumbuke kwamba panya aliyevunjiwa seli za insulini anafanana zaidi na mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza kuliko na mama wa miaka 55 mwenye aina ya pili, ambaye insulini anayo lakini mwili wake hauisikii.

Sasa ile mizani. Naomba watatu wajitokeze, kila mmoja achote kijiko kimoja cha unga huu, kama ambavyo angemwelekeza mgonjwa. Ahsante mzee wangu: gramu 7, mzee amesawazisha kwa kidole. Muuguzi: gramu 11. Kijana wetu mwanafunzi: 16, amechota kama anayejipakulia pilau. Wote watatu wametii agizo la "kijiko kimoja", na mgonjwa wa kijana amekunywa zaidi ya mara mbili ya mgonjwa wa mzee. Haya, tuseme dondoo limefanya kazi kwa panya kwenye miligramu 200 kwa kilo. Hatuzidishi tu kwa uzito wa mtu, kwa sababu mwili wa panya huchoma na kutoa vitu haraka kuliko wetu. Kwa makadirio ya kawaida tunagawanya kwa sita na ushei, na mtu wa kilo 60 anapata kama gramu 2. Lakini hizo ni gramu 2 za dondoo, yaani rojo iliyokwisha kuvukizwa, na huenda zikahitaji gramu nyingi za unga. Kati ya kijiko cha mzee na karatasi ya mtafiti kuna hesabu ambayo lazima ifanywe, la sivyo wote wawili tunamkisia mgonjwa.

Yapo pia mambo ambayo panya hawezi kutuambia kabisa. Mbegu za karela zina kemikali iitwayo visini, ambayo kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Upungufu huo hurithiwa, na unapatikana zaidi kwa watu wa maeneo yaliyokaa na malaria kwa vizazi vingi, na pwani hii yetu ni mojawapo. Panya weupe wa maabara hawana tatizo hilo, hivyo watamaliza siku 90 wakiwa wazima, halafu dawa ikaenda kumkuta mtu wa Mikanjuni aliyezaliwa na upungufu huo bila kujua. Mama mjamzito naye asipewe karela kama dawa.

Ndiyo maana mwisho wa njia ni binadamu, kwa idhini ya maadili ya utafiti na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wagonjwa wakigawanywa kwa bahati nasibu, mwenyewe asijue anakunywa nini na anayempima asijue. Bila kundi la kulinganisha tunabaki na ushuhuda, na ushuhuda tunaufahamu. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kuelekea Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wapo wagonjwa walioacha dawa zao za kila siku baada ya kukinywa. Aliyepata nafuu alisimulia kwenye kila kituo cha basi, lakini aliyezidiwa nyumbani kwake hakuwa na wa kumsimulia.

Bibi yangu anisamehe kwa hili linalofuata. Watafiti wa Brazil waliupima mzambarau kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, kwa chai, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa glibenklamidi sukari yao ilishuka, na waliopewa mzambarau haikubadilika. Hapo hapo, zipo kazi nyingi za panya zinazoonyesha mbegu za zambarau zikishusha sukari. Je, panya walidanganya? Chai na unga wa mbegu si kitu kimoja, viwango si vilevile, na panya si mtu. Mimi sijaifunga faili ya mzambarau, lakini siwezi tena kumwambia mgonjwa aache vidonge kwa ajili yake.

Nipite haraka kwenye unga unaouzwa umeshafungwa kwenye makopo. Mwaka 2008 huko Singapore watu wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kupungukiwa sukari, na wanne kati yao walifariki. Walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizochanganywa glibenklamidi kwa siri. Kwa hiyo unga wa "miti mitupu" unaoshusha sukari kwa kishindo ndani ya siku moja mimi hunitia shaka kabla haujanipa furaha, na sampuli yake ni ya kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Najua swali ambalo wazee wamelikalia tangu nianze: mkishapima, dawa itakuwa ya nani? Ni swali la haki, na wapo waliotoa mizizi yao wakaishia kupewa nauli. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, imemtambua mganga na kuunda Baraza la kumsajili, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka faida zigawanywe na wenye maarifa. Karatasi hizo hazijitekelezi zenyewe. Ninachoweza kuahidi kwa upande wangu ni kwamba makubaliano huandikwa na kusainiwa kabla jani halijachumwa, kwa Kiswahili, mbele ya shahidi aliyechaguliwa na mganga mwenyewe, na kwamba matokeo hurudishwa kwake hata yakiwa mabaya. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika. Nimewahi kumrudia mzee mmoja kumwambia kwamba mti wake umeonyesha madhara kwenye ini la panya, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza ni panya wangapi, kwa kiwango gani, na kwa siku ngapi. Sijapata kuulizwa maswali mazuri kama hayo na mtahini yeyote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Mizani itabaki hapa mezani mpaka saa kumi. Aliyekuja na kijiko chake, kikombe chake au konzi yake anayompimia mgonjwa, aje achote, tupime, na kijana wetu ataandika gramu zake pembeni ya jina la mti.